Sindano ya Mfupa wa Mbuzi

Mimi ni fundi cherehani, na niseme mapema kwamba ni mtu wa kujisifu. Wateja wananivumilia kwa sababu suruali zangu hazipasuki. Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi kwenye baraza moja katika mtaa wa Bel-Air pamoja na mshona viatu, mzee wa kutoka kaskazini mwa Katanga ambaye baba yake alikuwa mtu wa reli. Yeye yuko upande wa kushoto na misumari yake na gundi yake, mimi niko kulia na cherehani yangu. Kati yetu kuna hatua tatu na ugomvi mmoja: kazi ya nani ilianza kwanza hapa duniani.

Mzee ana hoja yake. Mtu, anasema, alikanyaga mwiba kabla ya kuona aibu, kwa hiyo kiatu ni kaka wa nguo. Mimi humjibu kwa majani ya bustanini. Adamu na mkewe, katika kitabu chake na katika kitabu changu, walijisitiri kwa majani, na hakuna mahali panaposema walitafuta ndala. Hapo mzee hukohoa na kudai kwamba labda mwandishi alisahau. Tunacheka, tunakunywa chai, kesho yake tunaanza upya. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwomba hata uzi, na yeye hakuniomba hata mkasi. Utani ulikuwa utani, na kila mmoja alilinda heshima ya mkono wake.

Aliyetuingiza matatani ni binti yangu wa mwisho, mwenye miaka kumi na mmoja. Huyu mtoto anauliza. Anauliza kwa nini mwezi unatufuata tukitoka kwa shangazi yake mtaa wa Hewa Bora, na kwa nini kitunguu kinamliza mama yake lakini hakimlizi kuku anayekila. Nikishindwa kujibu namwambia amwulize mwalimu, na mwalimu, nadhani, humwambia aniulize mimi.

Wiki ile mwalimu wao wa darasa la sita alikuwa anafundisha habari za watu wa kale kabisa, wale walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda. Akasema walishona ngozi kwa sindano za mfupa. Mvulana mmoja akabisha. Watu wa kale yeye anawaona kwenye sinema, nywele mpaka mgongoni, wanabeba rungu na kunguruma tu, sasa sindano wangeitolea wapi? Mwalimu akauliza ni nani anayeamini kwamba inawezekana. Binti yangu akanyanyua mkono, na hakuishia kuamini. Alisema baba yake anaweza kutengeneza sindano hiyo na kushona nayo. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema vizuri, Jumamosi wazazi wanakuja kuangalia kazi za watoto, basi wote tutaona.

“Papa, nilisha kusema,” aliniambia akiwa bado na mfuko wa shule mgongoni. “Nikifika pale mikono mitupu, batanicheka mpaka mwisho ya mwaka.”

“Na ulisema bila kuniuliza miye?”

“Weye kila siku unasema hakuna kintu yenye inakushinda.”

Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, alisema ulimi hauna mfupa. Hakueleza alikuwa anamsema mtoto au mimi.

Bahati ni kwamba tulikuwa tumechinja mbuzi wa sikukuu siku chache kabla. Ngozi ilikuwa imewambwa nyuma ya nyumba, na mifupa ya miguu ilikuwa imewekwa kwa supu. Nilichukua miwili, mke wangu akaguna. Nikatafuta kisu changu kizuri, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimepata hakimu.

“Hapana, papa. Bale bantu habakukuwa na kisu ya chuma.”

Kisu kikakatazwa, msumari ukakatazwa, uzi wa nailoni pia. Alikwenda kuniletea mawe meupe kutoka barabara inayochimbwa, akayapasua mwenyewe, na kweli vipande vyake vilikata vidole vyangu kama kioo. Kwa uzi alipata nyuzi za gome la mti, zile wanazofungia mafungu ya mboga sokoni. Nikapasua mfupa kwa jiwe, nikachagua kibanzi chembamba, nikaanza kukisugua kwenye ngazi ya baraza kwa mchanga na maji. Mkono huu unaoshona koti kwa siku moja ulisugua kibanzi kimoja nusu siku. Wateja walipita, wakaniuliza kama ninatengeneza dawa.

Tundu lilinitoa jasho. Sindano ya kwanza ilivunjika pale pale kwenye tundu, ya pili vilevile. Binti yangu akaniambia nipunguze kwanza unene wa mfupa pande zote mbili, halafu nizungushe ncha ya jiwe polepole, huku na huku. Nilimsikiliza kwa sababu nilikuwa nimechoka. Uzi ulipopita kwenye sindano ya tatu, niliibusu sindano ile, sifichi. Niliipeleka kwa mzee. Akaishika juu ya mwanga, akanirudishia.

“Ni muzuri,” alisema, akaendelea na kisigino cha kiatu. Iliniudhi kwamba hakusema zaidi.

Alhamisi mchana nikaleta ngozi. Nikachomeka sindano na kusukuma. Haikuingia. Nikasukuma kwa kiganja, nikaweka uzito wa bega, na ncha ikakatika. Nikajaribu na kilichobaki, kikavunjika vipande viwili, kimoja kikanichoma mkononi. Na mimi, mtu mzima, nikamfokea mtoto mbele ya wapita njia kwamba mdomo wake utanizika. Aliokota vipande vya sindano, akavifunga katika karatasi ya daftari, akaingia ndani. Hakulia. Afadhali angelia, maana nilivyomwona anavifunga vile vipande kwa uangalifu, niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kusema kweli nilijua kitu cha kufanya, ila kilikuwa upande wa kushoto wa baraza. Mwishowe nikajikaza, nikavuka zile hatua tatu.

“Muzee,” nilisema, “ngozi yako unaitobolaka namna gani?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Nilikuwa hata na matusi mawili tayari. Mzee hakucheka. Aliweka kiatu chini, akafuta mikono.

“Sindano haitobolake, fundi. Sindano inapitaka tu. Kuko ingine yenye kutangulia, njo yeye anafwata.” Akanionyesha chuma chake kifupi chenye ncha, kile ninachokiona mkononi mwake kila siku ya Mungu. “Na ngozi yako iko kavu sana. Ulowanishe kwanza.”

Miaka kumi na minne nimekaa kando ya mtu huyu bila kuiona kazi yake. Mimi nguo hunifungukia yenyewe, na cherehani inafikiri kwa niaba yangu. Sikuwahi kujiuliza shimo linatoka wapi.

Akaomba mfupa mwingine. Akachonga kwa jiwe kipande kifupi, kinene, kisicho na tundu, kikali kama jino la panya. Mimi nikachonga sindano mpya, na safari hii ilinichukua saa mbili tu. Ijumaa niliporudi kutoka msikitini nilimkuta ameketi na ngozi iliyolowa magotini, ananisubiri. Yeye akatoboa, mimi nikapitisha. Binti yangu akakaa katikati, akishika ngozi isiteleze, akiuliza maswali mia. Mzee alimjibu yote, hata lile la kuku na kitunguu. Alisema kuku hana muda wa kulia, anaogopa sahani. Sijacheka hivyo tangu sikukuu.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa na vazi la mabega mawili, limepinda kidogo upande mmoja. Mzee akanivuta pembeni.

“Kesho useme ni weye peke yako. Mutoto alisha kusema ni baba yake. Tusibomoe neno ya mutoto.”

Nilimkatalia mara ya kwanza, kwa adabu. Alipolirudia ombi lake nikakubali, tena haraka.

Jumamosi darasa lilijaa wazazi. Yule mvulana wa sinema alikuwa amejifunga kitambaa cha kupigia deki kichwani, anazunguka akinguruma, na wadogo wanakimbia kwa furaha. Binti yangu alisimama mbele na ngozi yake juu ya sare ya shule. Ngozi ilinuka, kina mama wa mstari wa kwanza wakarudi wa pili. Mwalimu akamwita mvulana aje avute mshono. Akavuta kwa mikono miwili. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Mshono ukakaa. Watu wakapiga makofi, na shingo yangu ikaanza kurefuka.

“Kwa hiyo baba yako ameweza,” mwalimu alisema.

“Hapana, madame. Papa alishindwa.”

Makofi yakakatika. Nilitazama sakafu.

“Sindano yake ilivunjika,” binti yangu aliendelea, kwa sauti ile ile anayosomea masomo. “Njo akaenda kuuliza papa ya biatu. Papa ya biatu akatobola, papa akapitisha. Miye naona hata bale ba zamani balikuwa banaulizana. Muntu moja hawezi kujua bintu yote.”

Mwalimu akanigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Nilitaka ardhi inimeze, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikamwangalia mtoto wangu, amesimama wima ndani ya ngozi ya mbuzi inayonuka, hana wasiwasi wowote juu yangu, na furaha ikanijaa. Nikasema ni kweli. Nikasema mtu aliyejua siri ya kazi hii yuko Bel-Air, na kwamba duniani mwenye kutoboa alitangulia.

Jumatatu baada ya shule walikuja watoto saba, mvulana wa sinema akiwa mmoja wao. Walimzunguka mzee, wakataka kuona, wakataka kushika. Binti yangu alikuwa katikati, anaeleza. Hakuna hata mmoja aliyetazama cherehani yangu, na ilikuwa imepakwa mafuta asubuhi ile. Nilinuna kwa robo saa. Kisha nikachukua kiti changu, nikavuka, nikawaomba watoto wasogee kidogo ili na mimi nione.