Karani wa Meza ya Mwisho

Karani wa meza ya mwisho, kwenye ofisi ya posho ya serikali pale Glasgow, hupiga kompyuta kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama. Kucheka hachekagi. Kila akimpitishia mtu malipo ya mbele, yaani mkopo wa posho ijayo, humwambia maneno yaleyale, kwa sauti ya msibani: "Tutakukata kidogo kidogo kila mwezi."

Leo Morven alimjia na mapacha wachanga kwenye kigari. Posho yake itapanda, ila mwezi ujao, na nepi hazijui kusubiri. Karani akadonoa, akakuna shingo, akadonoa tena.

"Umepata, mama. Jioni hii hii."

Morven nusura acheze. Karani akatupa jicho kwa meneja, kisha akampachika pacha wa kwanza sarafu kiganjani, maana Mskoti hamwoni mtoto mchanga akampita mikono mitupu. Akapapasa mifuko kwa ajili ya wa pili. Hola. Kumruka pacha mmoja ni nuksi. Masikio yakamwiva.

"Mama," akanong'ona, "nikopeshe pauni moja."

Morven akampa, mbavu hana.

"Usijali, mzee. Nitakukata kidogo kidogo kila mwezi."