Ufa wa Shamba la Kabichi

Biashara ilipokuwa ruksa, malori yakaanza kupanda mpaka kijijini kwetu kufuata kabichi. Baba na baba mdogo wakakata miti yote ya mteremko ulio juu ya nyumba ya bibi, wakagawana: baba juu, mdogo wake chini. Niliporudi likizo kutoka chuo kikuu, katikati ya masika, nilikuta ufa umelikata shamba kwa upana. Nilitia mkono, ukaingia hadi kiwikoni. Chini kabisa, bibi alikuwa anapika makande.

Nikawaambia, "Shamba hili litashuka. Bibi ahame leo."

Baba aliutazama ufa kwa muda mrefu. Nilidhani anaogopa.

"Likishuka," akasema, "kabichi zangu zitaingia kwa huyu."

"Zikiingia kwangu ni zangu," baba mdogo akajibu. "Kwani nimeziita?"

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akiijua hatari huikimbia. Aliyetufundisha hakuwahi kulima kabichi. Kesho yake kila mmoja alikuwa amepanda safu ya masale, ile mimea ya mipaka, baba juu ya ufa, mdogo wake chini yake. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kama masale yanaweza kuzuia mlima.

"Msomi," akasema, "mlima hauna kesi na mtu. Wenye kesi ni hawa."

Akaamua kwamba kabichi zitakazoangukia kwa baba mdogo zigawanywe nusu kwa nusu, na zitakazofika uani kwa bibi ziwe za bibi.

Siku mbili nilikuwa nimemsihi bibi ahamie kwa mama. "Mume wangu," alikuwa akinijibu, maana ndivyo anavyotuita wajukuu wa kiume, "mlima huu nimeukuta. Nihame, nimwachie nani nyumba?" Lakini aliposikia uamuzi wa mwenyekiti alitoka nje, akaupima ua kwa macho.

"Zote hizo hapa hazitatosha," akasema. "Njoo utoe kitanda. Chumbani nitaziweka."

Jioni akawa kwa mama. Sikumuuliza sababu tena.

Siku ya tatu, mchana, udongo ulishuka. Ulilifunika jiko, ukaja ukaegemea ukuta wa chumba alichokuwa akilala. Bibi alikuja na tenga, akapanda juu ya tope, akaokota kabichi huku akimfokea baba mdogo asizikanyage.

"Umeona, bibi?"

"Nimeona. Ulichokuwa unakiogopa si kimeshashuka? Sasa nirudishie kitanda changu."

Nikapanda mteremkoni. Juu ya masale ya baba, palipobaki pazima, nilikuta mstari mwembamba kwenye udongo. Nikapaza sauti kwamba kuna ufa mwingine.

"Uko upande wa nani?" baba mdogo akauliza.

Bibi alikuwa ameshatoka kwa mama akikiburuta kitanda, ananingoja nishuke nishike upande wa pili.