Hoteli Isiyopokea Watoto

Pale sokoni Bariadi wapo wanawake ambao mpaka leo wakiniona wananiita mayu wa Ulaya, yaani mama wa Ulaya. Wananiuliza maji ya bahari ile yakoje, chakula chao kinashibisha au ni mapambo tu, na kama ni kweli wazee wa kule wanatembea nusu uchi mbele ya vijana. Nawajibu yote. Maji ni ya bluu, chakula ni kingi, na wazee wanatembea nusu uchi. Wanacheka, wanagongeana mikono, wananiambia nimekula maisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama mjukuu wangu nilimbeba, maana wanadhani jibu wanalijua.

Nilikwenda kwa ajili ya mjukuu. Bahari sina shida nayo. Nimekulia Nassa, ziwa liko pale pale, na nimezeekea Bariadi nikifundisha shule ya msingi, bila kuota hata siku moja kulala kwenye kiti cha kujinyoosha nikitazama mawimbi. Binti yangu, ambaye ndiye mtoto pekee niliyebaki naye baada ya baba yake kufariki, alikwenda Uhispania kusoma, akapata kazi, akaolewa huko huko na mwenyeji. Harusi niliitazama kwenye simu. Mtoto alipozaliwa nilimwona kwenye simu. Akaota meno kwenye simu, akaanza kutembea kwenye simu. Ikafika mahali nikimwita anageuka kutafuta sauti inatoka wapi, na mimi nikikata simu naingia jikoni kulia.

Kwa hiyo binti yangu aliposema, "Mama njoo, tumekuandalia mapumziko ufukweni," mimi nilisikia neno moja tu, njoo. Nikahangaika na pasipoti na viza. Nikakaanga karanga. Nikafunga michembe, viazi vyetu vile vya kuanika, kwa sababu sikutaka mtoto wa damu yangu akue bila kuionja. Nikanunua kitenge laini cha kumbebea mgongoni, nikakifua mara mbili kiache ugumu wa dukani. Majirani walinisindikiza mpaka kituo cha basi kana kwamba naenda kuhiji.

Kabla sijaendelea ni lazima niseme jambo moja kuhusu sisi, maana bila hilo mtu ataniona nilikwenda kuharibu mambo kwa makusudi. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Si chuki hata kidogo. Ni heshima iliyo juu ya heshima nyingine zote. Akija nyumbani namsalimia kwa mbali, macho chini. Hatuli meza moja, hatukai mkeka mmoja, na tukikutana njiani mmoja anapisha. Mwili wake siutazami, na wangu hautazami, kwa sababu yeye ndiye anayelala na mtoto niliyemzaa. Watumishi wanaohamishiwa hapa kutoka mikoa ya mbali hutucheka kwa hili, na wenzetu wengi wa mjini wamelegeza. Mimi sikulegeza. Mama yangu aliingia kaburini bila kuwahi kumpa mume wangu mkono, na katika ukoo mzima hapakuwa na aliyempenda mume wangu kuliko yeye. Binti yangu alikuwepo, aliyaona hayo kwa macho yake.

Nilipotoka nje pale uwanja wa ndege niliwaona wawili. Yule kijana, mrefu, mwenye ndevu na uso wa mtu asiyejua uovu, akaja mbio akiwa amefungua mikono yote miwili, anataka kunikumbatia na kunibusu. Nikarudi nyuma, nikaweka begi katikati yetu, nikainamisha macho. Mikono yake ikabaki hewani. Binti yangu akacheka kicheko cha kuziba pengo, akamwambia kitu kwa lugha yao, kisha akanikumbatia yeye.

"Mtoto yuko wapi?" ndilo swali langu la kwanza.

"Kwa bibi yake, mama. Hoteli tunayokwenda haipokei watoto."

"Haipokei watoto kwa nini?"

"Ni ya watu wazima tu. Watu wanakuja kutulia. Umelea watoto wa watu maisha yako yote, mama, sasa upumzike. Tukimaliza hapa tunakwenda nyumbani, utakaa naye mpaka umchoke."

Kwa bibi yake. Nilijiuliza mimi ni nani basi, lakini nimetoka mbali, sikutaka kuanza safari kwa kununa.

Hoteli ilikuwa nyeupe yote, imekaa juu ya mwamba, chini yake bahari. Mapokezi walinifunga utepe mkononi nikakumbuka hereni za ng'ombe mnadani. Mabwawa ya kuogelea yalikuwa mengi kuliko visima vya kata nzima kule kwetu, na kando ya kila bwawa wamelala watu wa umri wangu, wamejipaka mafuta, wanajigeuza juani. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilitembea jioni ile kutoka mwanzo hadi mwisho wa bustani, sikusikia mtoto akilia, wala akicheka, wala akiitwa. Watu wamelipa ili wasisikie hayo. Kwetu nyumba ambayo haina sauti ya mtoto watu huipelekea pole.

Asubuhi nikashuka kupata chai. Nikachukua mayai na mkate, nikatafuta meza ya pembeni kabisa. Sijamega hata tonge, mkwe wangu huyo hapo, anatoka majini, kifua wazi, kibukta kimemganda, anadondosha maji sakafuni.

"Shikamoo mama," akasema, ametabasamu mpaka masikioni. Alikuwa amejifunza shikamoo kwa ajili yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaitikia marahaba nikiwa natazama chumvi, nikainuka, nikaacha mayai yangu pale. Nikiondoka nilimwona kwa pembeni ya jicho amesimama ameshika kiti alichotaka kukalia.

Siku zote zikawa hivyo. Nikikaa kivulini, anakuja na glasi ya juisi, kifua wazi. Nikienda ufukweni, anatandika taulo lake karibu na langu, na mimi najifunika kanga kichwani, nageukia mawe. Alikuja mlangoni kwangu na sahani ya matunda, akagonga, akasubiri. Sikufungua mpaka nyayo zake zilipopotea kwenye korido. Yule kijana alikuwa anajitahidi, Mungu anajua, na kila alivyojitahidi ndivyo mimi nilivyozidi kukimbia. Ningekaa naye goti kwa goti akiwa na kibukta kile, ningekuwa nimemshusha akawa mtu yeyote tu, mpita njia. Nilikuwa namheshimu kuliko alivyowahi kuheshimiwa na mama yake mwenyewe.

Jioni moja nikamwita binti yangu chumbani.

"Umemweleza mumeo?"

"Nimemweleza mama, usijali."

"Umemweleza nini?"

"Nimemweleza. Ameelewa." Alikuwa anakunja nguo zangu ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Nikaamini. Nilimzaa mwenyewe, nikamfundisha kusoma mwenyewe, nisimwamini kwa nini? Hata nikafurahi, kwa kuwa kuanzia hapo yule kijana aliacha kunifuata. Alinitazama kwa mbali kwa macho ya huruma, nikasema moyoni, sasa amekuwa mkwe.

Zilipobaki siku chache tuondoke hotelini binti yangu alikuja kuketi kitandani kwangu. Alianza kuongea kuhusu tiketi, nikajua si tiketi.

"Mama, tumeshauriana. Tunaona safari hii tusiende nyumbani. Utaondokea hapa hapa."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mafua. Halafu anaogopa watu asiowazoea. Safari nyingine, mama."

"Anaogopa watu asiowazoea kwa sababu hawazoei. Nipeleke anizoee."

"Si mimi, mama. Ni baba yake. Anaona si wakati mzuri."

Hapo nikadhani nimeelewa. Kijana amechoka kukimbiwa. Ameelezwa ni heshima lakini moyo wa mtu wa kule haukuipokea, ameona ananyanyapaliwa, sasa ananinyima mtoto. Sikulala vizuri. Nilipima heshima ya mama yangu na bibi yangu na wote waliokwisha kufa, nikaiweka upande mmoja, na upande wa pili nikamweka mtoto anayetafuta sauti yangu inatoka wapi. Mtoto alikuwa mzito zaidi. Niliona aibu, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi nilivaa gauni langu la Jumapili, nikaenda bwawani. Alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini, kifua wazi. Binti yangu alikuwa kidogo nyuma yake, anajifuta nywele kwa taulo. Nikavua kandambili. Nikaketi pale ukingoni, bega kwa bega na mume wa mwanangu, mapaja yake yakiwa wazi mbele yangu, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Kisha nikamkumbatia. Tangu niolewe sikuwahi kumkumbatia mwanaume asiye mume wangu au ndugu yangu wa tumbo moja, na huyu alikuwa amelowa.

Hakunikumbatia. Alinipapasa mgongoni polepole, akanitoa mwilini mwake kwa uangalifu mkubwa, akaniambia kwa Kiingereza, neno moja moja, anavyosemeshwa mgonjwa:

"Ni sawa, mama. Usiogope. Binti yako ameniambia kila kitu. Ameniambia tangu mume wako alipofariki akili yako haiko vizuri, unaogopa wanaume, na kule dawa ni shida. Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo. Si aibu. Ila mtoto bado mdogo, mama, anaweza kushtuka. Ukipata nafuu, utamwona."

Kiingereza nimekifundisha maisha yangu yote ya kazi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, fupi, ya darasa la tano: mimi si mgonjwa, hii ni heshima ya kwetu. Nikainua macho kwa binti yangu. Alikuwa ameacha kujifuta nywele. Taulo limemning'inia mkononi, na ananitazama jinsi alivyonitazama udogoni nilipomkuta amevunja kitu cha mtu. Kama ningesema ile sentensi, yule kijana angegeuka kumuuliza mkewe kwa nini alimsingizia mama yake kichaa. Na mtu aliyemsingizia mama yake, ana kipi ambacho hawezi kusema? Binti yangu hana ndugu kule. Hana pa kukimbilia.

"Asante kwa kunielewa," nikamwambia yule kijana.

Nilipofika chumbani binti yangu alinifuata. Sikumpigia kelele, ingawa nilitaka. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Nilimwambia zamani, hata kabla ya ndoa, kwamba kwetu ni watu wa kisasa," akasema. "Mama yangu ni mwalimu, nilimwambia. Sasa ningemweleza vipi mama mwalimu ambaye hawezi kukaa naye meza moja? Yeye na ndugu zake wangetuona washamba."

"Kwa hiyo kichaa ni afadhali kuliko mshamba."

Alikaa sakafuni, akaegemea kitanda, akalia, na mimi nilimwacha alie. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa adui. Heshima ile ile ambayo bibi zake waliishi nayo ikiwa sifa, yeye ameitafutia jina la ugonjwa. Na mjukuu wangu atakua akijua ana bibi mmoja wa kumpikia na mwingine wa kumhurumia.

Siku ya kuondoka walinipeleka wote wawili uwanja wa ndege. Mkwe wangu alishusha begi langu, akaliweka chini, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa ili asinishtue. Akasimama pale kwa mbali, macho chini, mikono nyuma, amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Akainamisha kichwa kuniaga. Ndivyo hasa mkwe anavyotakiwa kusimama mbele ya mama mkwe wake, hata wazee wa Lagangabilili, kule kwetu, wangemsifu. Alisimama hivyo kwa sababu alikuwa anaogopa kumshtua kichaa.

Binti yangu akanikumbatia kwa nguvu, kwa muda mrefu. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeanza kumtetea moyoni. Ni uoga wa ugenini, nilijiambia, ni neno lililomtoka akashindwa kulirudisha, hajui uzito wa alichonifanyia. Akaweka mdomo sikioni pangu, akasema kwa Kisukuma, lugha ambayo sikuwa nimemsikia akiitumia tangu nifike:

"Wabeja, mayu."

Asante, mama. Asingenishukuru kama asingejua. Nikatoa mikono yake shingoni kwangu, nikachukua begi, nikaenda kupanga foleni.