Marehemu wa Watu

Niliondoka Kibondo Ijumaa asubuhi bila kujua niendako. Nilitia daftari kwenye begi juu ya nguo, nikadandia lori la maharage lililokuwa linapasha injini moto karibu na soko. Dereva hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliuliza ninachokimbia.

"Deni au mke?"

"Msiba."

"Wako?"

"Wa watu."

Akacheka. "Msiba wa watu unakimbiwaje, ndugu yangu? Huko ndiko kwenye wali wa bure."

Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuuliza sikuacha. Kwa miaka kadhaa nimezunguka kati ya Kibondo na Kasulu nikifanya vibarua, na kila nilipofika nilisikiliza matangazo ya waliopotea redioni, nikasoma karatasi zilizobandikwa stendi, nikawauliza wachimba makaburi habari za maiti zilizokosa ndugu. Kushoto mwa daftari niliandika waliopotea. Kulia, waliozikwa bila majina. Kisha nikachora mistari ya kuwaunganisha. Hakuna aliyenituma. Vijana wa bodaboda waliniita Afande Makaburi. "Afande, leo umekamata nani?" Nilijifanya kuchukia, lakini jina lile lilinipendeza. Aibu yangu inaanzia hapo, kabla ya kosa lenyewe.

Mistari mingi haikufika popote. Mmoja nilidhani umefika. Nje ya mji wa Kibondo kulikuwa na mama mmoja, wa familia iliyotoka Burundi zamani na sasa ina uraia, ambaye mwanawe alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya tumbaku. Simu yake ilikuwa imezimika miaka mitatu. Upande wangu wa kulia kulikuwa na mwanamume aliyeokotwa mtoni, upande wa Kasulu, akazikwa bila ndugu.

Nilipaswa kumwuliza mama kwanza mwanawe alikuwaje. Badala yake nilianza mimi kueleza maiti kama nilivyosimuliwa na wachimba makaburi: mrefu, meno ya mbele yana mwanya, kovu la moto mkono wa kushoto. Katika nyumba kama ile, anayeleta habari ya kifo hupewa kiti na kinywaji, na habishiwi. Kumbishia ni kumtukana mtu aliyetembea njia yote ile kwa ajili yako. Nililijua hilo. Mama aliitikia kila nilichosema huku akitazama chini, nami nikahesabu kuitikia kwake kuwa ushahidi. Mke wa huyo mwana alisimama mlangoni na ungo wake. Mama aliuliza swali moja tu.

"Baba, alikuwa amekonda?"

"Hapana, mama. Alikuwa na afya yake."

Sikuwahi kumwona.

Walilia, wakanyoa nywele. Muda ulipotimia wakapanga kuganduka, siku ya kuondoa kilio, ambapo ndugu hunywa pamoja pombe ya mtama, na mjane huachiliwa arudi kwao, aolewe akipenda. Ilikuwa iwe Jumamosi. Nilialikwa kukaa mbele, pamoja na wazee.

Jumatano nilikutana na mtu aliyekuwa akifanya kazi katika mochwari alikolazwa yule maiti. Nikamsimulia ushindi wangu.

"Yule wa mtoni?" akasema. "Yule alikuwa na chuma kwenye paja. Alishapasuliwa zamani."

Mwana wa yule mama hakuwahi kulala hospitali hata siku moja. Mama aliniambia hivyo kwa fahari siku ile niliyopeleka habari, nami niliandika, upande wa kushoto, kwa mkono wangu. Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu ndiyo nikapanda lori.

Kasulu tulisimama kushusha magunia. Kaburi la yule wa mtoni lilikuwa mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Sikushuka. Nilikwenda mpaka Buhigwe, ambako sikuwahi kulala, na nikashuka kwa sababu dereva alikuwa amefika. Jua lilikuwa bado juu. Nikapata gesti nyuma ya maduka, na kabla sijalipia chumba nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uko wapi? Wageni wameanza kufika."

Nikamweleza habari ya chuma. Nyuma yake nikasikia mtu akitwanga.

"Kovu la mwanangu liko mkono wa kulia," akasema.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umetembea jua lote lile. Nikasema labda mimi ndiye niliyesahau."

Akaendelea, bila kupandisha sauti.

"Njoo uyaseme mwenyewe. Nikiyasema mimi watasema huyu mama anakataa kifo. Kesho mkwe wangu anaondoka. Mwanangu akirudi nitamwambia mkewe nimempeleka wapi?"

"Nitakuja, mama."

"Na huyo mwenye chuma, ana mama yake?"

"Sijui."

"Hujui," akasema, akakata simu.

Mwenye gesti, mama wa makamo aliyejifunga ushungi, alikuwa amesimama na kitabu cha wageni akingoja nimalize.

"Utakaa siku ngapi?"

"Usiku mmoja. Gari la kwanza la kwenda Kasulu, niunganishe la Kibondo, linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Na halimngoji mtu."

"Naomba unigongee saa kumi."

"Wote husema hivyo, nikigonga wanajifanya wamelala."

"Mimi gonga mpaka nitoke."

Akanitazama kidogo, akarudisha msumarini ufunguo aliokuwa ameushika, akanipa wa chumba kilichopakana na chake.