Pampu Niliyoithibitisha na Kaburi la Guka

Hii aibu sijawahi kuisimulia hata kwa wenzangu wa kazini Ruiru, na mkicheka sitawalaumu, lakini chekeni polepole kwa sababu kuna marehemu ndani yake.

Kazi yangu ni kuthibitisha programu kwa hesabu. Si kuijaribu mara mbili tatu uone kama inafanya, zii, unaandika uthibitisho kama ule wa jiometri ya shule, kwamba hakuna siku, kwa hali yoyote, mtambo utakosea. Basi nikaiandikia pampu ya kisima ya guka, babu yangu, kule Gatuanyaga programu ndogo: boya ndani ya tangi likiinuka, pampu inazima; likishuka, inawaka. Nikaithibitisha, na nikajigamba (wueh, nilijigamba) mpaka guka akawa anaambia majirani tangi lake lina digrii.

Guka akafariki. Asubuhi ya mazishi cucu, nyanya yangu, aliniomba nizime pampu kwa swichi ya ukutani, maana watu ni wengi na kila mtu atagusa tangi. Nikamjibu mbele ya shangazi zangu wote, "Cucu, hiyo haiwezi kumwaga maji. Nimethibitisha." Akarudi jikoni.

Sasa, mazishini kwetu vijana wa jirani ndio huchota maji ya kupikia, na mfereji wa tangi ulikuwa unatoa kidogo kidogo, kwa hivyo wakafungua kifuniko wachote na ndoo kwa juu, na kwa vile boya liliwasumbua wakalitoa wakaliacha lining'inie nje, kwa heshima kabisa, lisivunjike. Boya likining'inia, pampu inajua tangi ni tupu. Uthibitisho wangu haukukosea hata nukta. Ulichukulia tu kwamba boya liko ndani ya tangi, na hilo sikuwa nimeuliza mtu.

Kaburi lilikuwa chini ya mteremko kutoka kwenye tangi. Tulikuwa tunaimba nyuma ya jeneza wakati mchungaji alisimama ghafla, na mimi nikachungulia nikaona kaburi limejaa maji ya tangi lililofurika. Jeneza likawekwa juani. Wanaume wakavua viatu vya kanisa wakaingia kuyachota kwa ndoo zilezile, na mimi na suti yangu nikaingia nao, nikilia, na sijui kama ni uchungu wa guka au ni aibu.

Cucu akaja ukingoni. Nikangoja anigombeze.

"Guka wako alitafuta maji kwa hii shamba maisha yake yote," akasema. "Wacha yamsindikize. Lakini wewe, enda ukazime."

Jameni, pampu ilikuwa bado inapiga maji. Nikapita katikati ya waombolezaji na matope hadi kiunoni, nikazima ukutani.

Siku hizi kabla ya kuthibitisha chochote naenda kwanza kukaa na wale watakaokitumia. Na cucu akisema zima, nazima.