Nati ya Absalom

Kwa miaka ishirini na miwili, Hesbon Wabwile hakuwahi kumrudishia mtu nati ikiwa bado imefungwa. Gereji yake ilikuwa kipande cha ardhi nyeusi kwa mafuta kando ya barabara ya Endebess, pale mji wa Kitale unapoishia na mahindi yanapoanza. Vifaa vyake vya kutegemewa vilikuwa viwili: spana ya magurudumu na mkono wake wa kulia. Nati ikikataa, alichomeka paipu kwenye spana kuongeza urefu, akavuta huku akinguruma, na wapita njia wakasimama kumtazama. Kuna wanaume wanaojulikana kwa kuimba kanisani. Yeye alijulikana kwa kunguruma.

Mwezi wa pili wa mwaka 2006, bega lake lilitoa mlio kama mlango wa choo. Daktari alilibonyeza akatikisa kichwa.

"Mzee, hili likivuta paipu tena, utakula ugali na kijiko mpaka uzeeke."

Mkewe Phelista, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa na jibu tayari. Kaka yake Levi alifuga kuku mia nne huko Mabanga, karibu na Bungoma, na alitafuta mtu wa kuwaangalia.

"Kuku hawana nati, Baba Nanyama."

"Wala hawana salamu. Nitaongea na nani?"

"Levi ameshakununulia gamboti. Namba tisa."

Gamboti hizo, buti za mpira za kuvaa bandani, zilimuuma Hesbon kuliko bega. Alizifikiria zimesimama mlangoni kwa Levi, mpya, zikimngoja, na akahisi kama zimeshaanza maisha yake bila yeye.

Akaomba nafasi moja tu. Alikuwa amesikia habari za mashine za betri za kufungulia nati: unaishika kama bastola, unabonyeza, inagonga na kuzungusha yenyewe huku bega limepumzika. Akipata inayoweza kazi, anabaki Kitale. Asipopata, ni Mabanga. Phelista alikubali bila wasiwasi. Alikuwa ameishi na mtu huyu aliyetumia wiki tatu kuchagua sufuria.

Wiki hiyohiyo mkulima mmoja wa Endebess aitwaye Absalom alimtumia gurudumu la lori lake la zamani, lile alilorithi kwa babu yake. Nati tano Absalom alikuwa amezifungua mwenyewe. Ya sita ilimshinda, kwa hiyo aling'oa gurudumu zima pamoja na habu, kile kitovu cha chuma kinachokaa kwenye ekseli, akalituma mjini juu ya magunia. Nati yenyewe ilikuwa na kutu hadi ikafanana na kipande cha muhogo uliochomwa.

"Nitachagua mashine na hii," alisema Hesbon.

"Utaingia dukani na gurudumu?"

"Si hata kiatu unaenda kununua ukiwa na mguu?"

Ndivyo wakaingia kwa Kagwe, muuza vifaa wa Kitale, Hesbon akilisukuma gurudumu kwa mkono wa kushoto na Phelista akitembea hatua kumi nyuma, kama mtu asiyemjua. Kagwe alitoa mashine ya manjano, nyepesi, kama kilo mbili hivi.

"Volti kumi na nane, fundi. Betri ni mbili. Moja ikifanya kazi, ingine inakunywa stima."

"Na stima ikipotea?" aliuliza Phelista.

"Mwalimu, stima ikipotea hata mimi nafunga duka naenda kulala."

Hesbon alisukuma kijiti cha kubadilisha mzunguko upande wa kufungua, kama ulimwengu wote unavyofungua, kinyume cha saa. Akabonyeza. Tatatatata! Mikebe ya rangi ilicheza kwenye rafu. Bega lake lilitulia kabisa, raha iliyoje. Nati haikusogea.

"Hii ni ya kufungua soda," alisema Hesbon, akaondoka na gurudumu lake.

Likabaki duka moja tu la kutumainiwa, la Edinah, mjini Bungoma. Levi, aliyekuwa ameleta mayai Kitale, aliwabeba kwenye pikapu yake. Gamboti alikuwa ameziweka mbele, juu ya dashibodi.

"Ni za kukuonyesha tu, shemeji," alisema. "Siharakishi mtu."

Edinah alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mashine yake ilikuwa ya bluu, volti ishirini na nne, nzito kama mtoto aliyeshiba.

"Hii ikishindwa, hiyo si nati bana. Hiyo ni shetani."

Watu walijaa mlangoni. Edinah mwenyewe alipanda juu ya gurudumu kulituliza. Hesbon akainua mashine, bega likamchoma, akabonyeza. TATATATATA! Nati ilipiga mayowe, cheche mbili zikaruka, Edinah akatetemeka mashavu yote mawili. Mashine ilipotulia, nati ilikuwa palepale. Kwa kweli ilionekana imestarehe zaidi.

"Shetani," alisema Edinah, akishuka.

Watu walicheka. Hesbon aliketi juu ya gurudumu. Kwa mara ya kwanza nati ingerudi kwa mwenyewe imefungwa. Phelista alikuwa ameshinda, na alishangaa kuona ushindi wenyewe hauna utamu. Mwanamume huyu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani. Levi alikwenda kwenye pikapu akarudi na gamboti, akaziweka polepole miguuni pa shemeji yake. Hesbon akavua kiatu kimoja.

Hapo simu yake ikalia. Absalom alipiga kelele hata waliokuwa mlangoni wakasikia.

"Ati gurudumu langu limeonekana Bungoma? Linatembea kutafuta nini?"

"Nati yako imekataa, Absalom. Mashine mbili zimeshindwa."

"Imekataa aje? Si unaizungusha kinyume na nati za kawaida? Hilo ni la upande wa kushoto wa lori! Haya malori ya zamani, nati za kushoto zinafunguka kwa kufuata saa. Si wewe ndiye ulinifundisha, fundi?"

Hesbon alishuka kwenye gurudumu akaiinamia nati. Ni kweli. Alifundisha nusu ya mafundi wa Kitale jambo hilo. Lakini gurudumu likitolewa kwenye gari halina kushoto wala kulia. Ni gurudumu tu. Alikwangua kutu kwa kucha. Chini yake palikuwa na herufi ndogo ya L.

"L ya Levi," alisema Levi kwa matumaini.

"L ya left, Levi," alisema mwalimu. "Kwa hiyo siku mbili nzima mlikuwa mnaikaza?"

Hesbon, mguu mmoja ukiwa mtupu, alisukuma kijiti upande wa pili, akainua ile mashine nzito na kubonyeza. Sekunde tatu. Nati ikalegea, ikazunguka, ikadondoka sakafuni ikiwa ya moto. Mlango mzima ulishangilia. Edinah alianza kutafuta sanduku la kufungia mashine.

"Ngoja, mama," alisema Hesbon, akishika bega lake. "Hii ni nzito. Na ile ya Kagwe niliionea, niliitusi bure. Ni haki nayo ijaribiwe. Nirudishie nati. Tena ikaze vile ilikuwa."

"Nitumie mashine yangu kumtafutia Kagwe soko?"

"Usiifunge!" Absalom alikuwa bado kwenye simu. "Wabwile! Nakuomba! Usiifunge tena!"

Alikuwa amechelewa. Edinah, akinung'unika, alikuwa ameshabonyeza. TATATATATA!

Kesho yake, kwa Kagwe, ile mashine ya manjano ilichukua sekunde tisa. Phelista alizihesabu mwenyewe kwa sauti, kama kwa darasa lake, na ilipofika saba alikuwa amefumba macho. Nati ilipodondoka, yeye ndiye aliyesema, "Tuchukue hii, na betri zote mbili."

Hesbon hufungua nati bila kunguruma siku hizi, na wapita njia hawasimami tena. Akiona kuna watu wanatazama, hubonyeza mashine na kunguruma kidogo, asiwavunje moyo. Gamboti anazivaa Levi. Zinambana.