Jimi Sikumpenda

Dagaa waliokauka nusu wana harufu yao ya peke yake. Si ile ya samaki aliyetoka majini sasa hivi, wala si ile ya dagaa mkavu wa kwenye gunia. Ni harufu nzito inayoganda kooni, utadhani ina chumvi, na ziwa letu la Tanganyika halina chumvi hata punje. Mimi nikiisikia hadi leo, kabla sijamkumbuka mama yangu wala njaa, namkumbuka mwanaume mmoja ambaye hakuwahi kuishi duniani: Jimi. Jimi wa suruali ya pekosi iliyopanuka chini, miwani myeusi na pikipiki nyekundu. Mwalo mzima wa Kibirizi, pale mitumbwi ya dagaa inapofikia, ulimpenda. Mimi nilimchukia kwa roho yangu yote, na mimi ndiye niliyekuwa namsoma kwa sauti.

Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la nne. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, kama walivyokwenda Waha wengi, na barua hazikuja wala yeye hakuja. Mama akafunga kibanda chetu kule Kidahwe, akambeba mdogo wangu mgongoni, tukashuka ziwani kuanika dagaa. Sasa kuanika dagaa si kununua dagaa tu. Lazima uwe na mahali. Siku hizo hakukuwa na vichanja vya nyavu. Dagaa walimwagwa chini, na hapo chini lazima pawe na kokoto laini, safi, pasipitwe na mbuzi wala kutuama maji. Pazuri pote palikuwa na mwenyewe. Pazuri kuliko pote palikuwa pa Bi Hidaya, mwanamke wa Ujiji, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na mkono mwepesi wa kutoa. Mama alikwenda kumwomba kona. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza, akachanganya na Kiha chake, wanawake wakacheka mbele yake. Bi Hidaya aliniangalia mimi, akachomoa kitabu kwenye kapu, akasema, "We mtoto, unajua kusoma? Hebu nisomee hapa."

Nikasoma bila kukwama, maana kama shule ilinipa kitu ni hicho. Bi Hidaya akamgeukia mama. "Kona ya kule kwenye matete ni yako, Mama Nasta. Na huyu ni wangu kila alasiri."

Vitabu vile vilikuja na treni kutoka Dar es Salaam. Vilikuwa vyembamba, karatasi yake ya kahawia inanuka gundi, na kwenye jalada kila mara Jimi amemshika kiuno msichana wake, Tausi. Kikiisha kimoja kinakuja kingine, na kila kimoja kilikatika pale pale pa kumfanya mtu akose usingizi. Bi Hidaya alikuwa amesoma chuo cha Kurani, lakini hizi herufi za shule hazikumwingia, na wenzake wengi vivyo hivyo. Basi alasiri, dagaa wakishageuzwa, walikaa chini na kulipa mgongo ziwa, kwa sababu jua la wakati huo linachoma macho. Mimi nilisimama mbele yao, nikitazama maji na milima ya Kongo kwa mbali, nikasoma. Wanawake wazima, wenye wajukuu, walikuwa wanashikana mikono Jimi akitokea.

Tausi alinichosha. Kitabu kinaisha, kinakuja kingine, Tausi hajapika, hajafua, hajachota hata ndoo moja ya maji. Kazi yake kusimama dirishani na kulia. Jimi akimwambia usivae gauni hilo, analivua. Akimwambia usiongee na fulani, hata shoga yake wa utotoni hamsalimii tena. Usiku Jimi anasimama nje ya nyumba yao kumtazama akiwa amelala, na wanawake wanasema, "Aaah, huo ndio upendo!" Mimi nasema moyoni, kwetu Kidahwe mwanaume akikutwa nje ya dirisha la watu anapigiwa yowe la mwizi. Halafu Jimi alikuwa mtu wa kuondoka. Kila kitabu anaondoka bila kuaga, Tausi anamsubiri, na huko kusubiri ndiko kunakosifiwa. Mimi nilikuwa na mama anayesubiri. Nilijua kusubiri kunafananaje. Ni mtu kula kidogo ili kingine kibaki chunguni, kwa ajili ya mtu asiyekuja.

Siku moja nilipiga miayo, Jimi yuko katikati ya kubusu mkono. Nikanyamaza kidogo kufumba kinywa. Zena, binti wa Bi Hidaya, rika langu, akanirukia. "Mtazameni! Huyu moyo wake umeanikwa pamoja na dagaa!" Mwingine akadakia, "Mwache, Muha huyo, mapenzi kwake ni ugali wa muhogo." Kicheko kikapanda mpaka kunguru wakaruka. Bi Hidaya peke yake hakucheka. "Nasta, kwani wewe Jimi humpendi?" Vichwa vyote vikanigeukia. Kule kwenye matete nilimwona mama ameinama, anageuza dagaa kwa kiganja, kidogo kidogo, kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa. Nikasema, "Nampenda, Bi Hidaya." "Basi soma kama mtu anayempenda. Ukinikatia tena katikati, mama yako atatafuta pengine pa kuanika."

Tangu hapo nilijifunza kuhema wanapohema wao. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Treni ilipochelewa nilishukuru Mungu. Mama sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba sipendi kitabu, wakati yeye anapinda mgongo?

Mvua za kwanza zilipoanza kunusanusa, Jimi akapata ajali ya pikipiki. Yuko hospitali, Tausi amezuiwa mlangoni, na wanawake wanalia machozi ya kweli. Mama alikuwa amepanda mtaa wa Gungu kutafuta magunia, dagaa wake ameniachia mimi. Nikainua macho nigeuze ukurasa, nikaona milima ya Kongo haipo. Imemezwa. Ukuta wa kijivu ulikuwa unatembea juu ya maji, unakuja kwetu. Jua likafifia, na wale waliolipa ziwa mgongo wakashukuru kupata kivuli. Nikiacha kusoma, uwanja wa mama umekwenda. Nikiendelea, dagaa wa mama wamekwenda. Nikapata ujanja wa kitoto. Sikubadilisha sauti, nikasoma: "Tausi akainua macho yake, akaona mvua kubwa inatoka Kongo."

"Masikini!" akasema Bi Hidaya, akajifuta pua kwa kanga.

"Tausi akasema, jamani, kusanyeni dagaa!"

"Kachanganyikiwa huyo," akasema mwanamke mmoja. "Huzuni imempanda kichwani."

"Endelea, mtoto, endelea!"

Upepo ukaja, ukanigeuzia kurasa. Nikafunga kitabu. "Mvua hiyo nyuma yenu! Na Jimi afe asife, mimi simpendi!" Nikakimbia kwenye matete, nikakumba dagaa wa mama kwa mikono miwili, na mchanga na kila kitu, nikawasukumia ndani ya mtumbwi mmoja uliovutwa pale ufukoni, umefunikwa turubai. Nyuma yangu palikuwa na mayowe tu. Mvua ya kwetu haikupi nafasi ya kufikiri.

Dagaa wa Bi Hidaya walilowa, na kesho yake wakanuka, wakawa chakula cha bata. Siku ile ile alinisimamia akiwa amelowa mpaka nywele. "Umeniona nalia, ukaacha mali yangu inyeshewe!" Nikamwambia, "Nilisema mvua, Bi Hidaya." "Ulisema kwenye kitabu!" Zena akaongeza, "Na kasema Jimi hampendi, wote tumesikia." Naapa, hilo lilimuuma kuliko dagaa. Akamwambia mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, atoe vyake asubuhi.

Tulivitoa. Mama alibeba gunia kichwani, mimi nikambeba mdogo wangu, tukafuata ufuko mpaka kwenye mawe, mahali ambapo hapakuwa na mwenyewe kwa sababu hapafai. Nilikuwa nasubiri kofi. Mama akatua gunia. "Mwana wanje," akaniita kwa Kiha, mwanangu, "ni kweli yule kijana wa kitabuni humpendi?"

"Simpendi, mama."

"Yoo! Na mimi nilikuwa namvumilia kwa ajili yako. Wananicheka kila siku, nikasema nikae, mwanangu anafurahi na vitabu vyake."

Tulicheka mpaka mdogo wangu akaogopa, akaanza kulia. Kisha tukainama kuokota mawe, tupasafishe. Mvua za mwaka ule zote zilitukuta tunaokota, kucha zimekatika, na dagaa tuliowaanika pale mwanzoni walikuwa wachache, na kuna siku tulilala njaa. Lakini pakawa uwanja, na ukawa wetu.

Leo nakaa Katubuka, katika nyumba ya matofali iliyojengwa na dagaa wale wale. Wajukuu wangu wakija likizo wanajazana mbele ya televisheni kutazama tamthilia ya wanafunzi wanaopendana, inayopendwa na mji mzima, hata vijana wa bodaboda wanaisimamishia kazi. Mimi nasema waziwazi: huyo kijana hana adabu, na huyo binti hana kazi. Wanacheka, "Bibi hajui mapenzi." Hakuna wa kunihamisha. Nilikuwa najiambia kwamba watoto wa siku hizi wana bahati, kila mtu anapenda anachopenda. Mpaka jioni moja nilipomtazama Neema, wa miaka kumi na mitatu, katikati ya wenzake. Uso ule niliutambua: ulikuwa wangu, wa kule mwaloni. Nikamwita jikoni anisaidie kuchambua mchele.

"Bibi," akaninong'oneza, "mwenzio tamthilia hii inanichosha. Ila nisipoitazama, kwenye kundi letu la simu sina la kusema. Wataniondoa."

Nilitaka kumwambia aondoke mwenyewe, kama nilivyoondoka mimi. Lakini mimi niliondoka nikiwa na mama mbele yangu, amebeba gunia. Nikamuuliza, "Wakikuondoa utakwenda wapi?"

"Sijui, Bibi."

Huko sebuleni wakaita, "Neema! Njoo, anambusu!" Akajipangusa mikono kwenye kanga yangu, akautengeneza uso, akaenda. Nikabaki na ungo mapajani. Wakacheka wote kwa pamoja, halafu, kwa kuchelewa, nikasikia kicheko cha Neema peke yake.